Kaiulani: Binti wa Kifalme na Deni la Kwao



Vijana wenzangu, tarehe 10 Mei Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Damien wa Molokai, yule padre Mbelgiji aliyeishi na wagonjwa wa ukoma huko Hawaii mpaka naye akaugua na kufa kama wao. Tarehe hiyo si ya kifo chake. Ni siku aliyofika kisiwani Molokai kukaa na wagonjwa, mwaka 1873.

Leo nitamgusa Padre Damien kidogo tu. Nataka niwasimulie habari za binti mmoja ambaye tarehe hiyohiyo, 10 Mei, lakini mwaka 1889, alipanda meli katika bandari ya Honolulu akiwa na miaka 13 na kuondoka kwao. Padre Damien alikuwa amefariki siku 25 tu kabla ya hapo. Binti huyo anaitwa Kaiulani, na alikuwa mtoto wa ukoo wa kifalme wa Hawaii. Niseme mapema kwamba hakuwa Mkatoliki. Alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana, na sikusudii kumfanya mtakatifu. Namleta kwenu kwa sababu swali alilolibeba maisha yake yote ni swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: kwenu wapi?

Sisi swali hili tunaulizwa kila siku. Ukikaa na mtu kwenye basi, kabla hamjafika kituo cha pili ameshakuuliza. Mimi baba yangu ni Mhaya, mama ni Mnyaturu, nimekulia Morogoro, nikasoma shule za bweni, na sasa niko seminari. Nikiulizwa kwetu wapi huwa nataja Bukoba, basi, mazungumzo yanaendelea. Nilikuwa naona jibu hilo linatosha.

Halafu bibi yangu mzaa baba akaugua. Nilipokwenda kumwona alifurahi mno, mjukuu wake ni fratera, akaniomba nisali naye Rozari. Nikaanza kwa Kiswahili. Bibi alikuwa akiitikia kwa Kihaya, maana kwa homa ile Kiswahili kilikuwa kimemtoka kabisa, na mimi sikuweza kumfuata hata Salamu Maria moja. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, aliyekuwa kidato cha pili tu, ndiye aliyechukua rozari mkononi mwangu akaongoza. Mimi na shahada yangu ya falsafa nikakaa pembeni kama mgeni. Bibi alifariki miezi miwili baadaye. Tangu hapo habari za Kaiulani, ambazo niliwahi kuzisoma juujuu wakati nikisoma habari za Padre Damien, zikaanza kunisumbua. Nikazirudia upya.

Kaiulani alizaliwa Honolulu tarehe 16 Oktoba 1875. Mama yake, Likelike, alikuwa dada wa Mfalme Kalakaua aliyekuwa akitawala wakati huo. Baba yake, Archibald Cleghorn, alikuwa mfanyabiashara Mskoti aliyehamia visiwani. Mfalme hakuwa na mtoto, na dada yake Liliuokalani naye hakuwa na mtoto wa kumzaa. Kwa hiyo mtoto huyu wa mdogo wao akawa tumaini la ukoo mzima. Siku aliyozaliwa kengele za mji zilipigwa.

Kwa Kihawaii mtoto wa wazazi wa asili mbili huitwa hapa, maana yake sehemu, au nusu. Mimi Mswahili nilipokutana na neno hilo mara ya kwanza nilicheka, maana kwetu hapa ni mahali uliposimama. Lakini kule ndivyo walivyosema: huyu ni nusu Mzungu. Sisi tungesema chotara, na mnajua neno hilo wakati mwingine linavyotamkwa.

Godmama wake alikuwa Binti Mfalme Ruth Keelikolani, na huyo alimzawadia ardhi kule Waikiki. Pale baba yake alijenga nyumba na kupanda bustani, wakapaita Ainahau. Palikuwa na mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, wenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini, na tausi waliokuwa wakitembea uwanjani. Mtoto aliwapenda sana wale tausi, na alipenda pia ua moja jeupe lenye harufu nzuri. Kwa ajili yake watu wakaliita ua lile pikake, neno lilelile wanalomwita tausi. Ninyi wa Unguja, Mombasa na Tanga mnalijua ua hilo: ndilo asumini. Alijifunza pia kuogelea na kusimama juu ya ubao akiteleza kwenye mawimbi, kama watu wa visiwa vile walivyofanya tangu zamani. Ubao wake mmoja unatunzwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu.

Msione ni maisha ya raha tupu. Watu wa Hawaii walikuwa wanakwisha. Tangu meli za Wazungu zianze kufika mwaka 1778, magonjwa ya kigeni yalikuwa yameua kizazi baada ya kizazi, na sensa ya mwaka 1890 ilihesabu Wahawaii wapatao 40,000 tu, pamoja na wenye damu ya mchanganyiko. Ukoma, uliomwita Padre Damien Molokai, ulikuwa mmoja tu wa magonjwa hayo. Familia ya Kaiulani haikuwa mbali na mateso hayo. Mwaka 1881 mama yake mkubwa Liliuokalani, akishika madaraka wakati mfalme yuko safarini, alikwenda mwenyewe Molokai kuwaona wagonjwa, na Padre Damien akatunukiwa nishani ya ufalme.

Mwezi Februari 1887 mama yake Kaiulani alifariki. Mtoto alikuwa na miaka 11. Mwaka huohuo kundi la wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Marekani na Ulaya na wenye maslahi katika sukari, lilimlazimisha Mfalme Kalakaua kusaini katiba iliyomnyang'anya sehemu kubwa ya mamlaka yake. Katika hali hiyo wakubwa wakaamua kwamba Kaiulani apelekwe Uingereza kusoma, aandaliwe kutawala.

Miezi michache kabla hajaondoka, mwandishi Mskoti Robert Louis Stevenson alifika Honolulu, akawa rafiki wa baba yake. Alikuwa akienda Ainahau, na alimwandikia binti yule shairi la kumuaga. Kaiulani aliposafiri, Stevenson naye mwezi uleule wa Mei akaenda Molokai kuona mahali alipofia Padre Damien. Mwaka uliofuata, mchungaji mmoja wa Honolulu alipomchafua Padre Damien kwa maandishi, ni huyu Stevenson, mtu aliyelelewa katika Kanisa la Kipresbiteri, aliyesimama hadharani kumtetea. Kisiwa ni kidogo. Watu hawa wote walipishana njiani.

Basi Kaiulani akafika Uingereza pamoja na Annie, dada yake wa baba mmoja, wakapelekwa shule ya wasichana katika jumba la Great Harrowden, mkoa wa Northamptonshire. Hapa kuna jambo litakalowagusa Wakatoliki. Harrowden zamani ilikuwa makao ya familia ya Vaux, Wakatoliki waliokataa kuiacha imani yao wakati Misa imepigwa marufuku Uingereza. Waliwaficha mapadre, na Mjesuiti John Gerard aliwahi kuishi kwao. Nyumba aliyoikuta Kaiulani ilikuwa imejengwa upya baadaye, lakini mahali ni palepale ambapo watu waliishi miaka na miaka wakionekana kama wengine kwa nje, huku ndani wakilinda kile walichokuwa. Sidhani alikuwa na habari hiyo. Ila naye ndicho kilichompata.

Alisoma vizuri. Akajifunza Kifaransa, Kijerumani, muziki, uchoraji, na adabu za mabinti wa tabaka la juu. Annie alirudi nyumbani mapema, Kaiulani akabaki. Januari 1891 mjomba wake Kalakaua alifariki San Francisco. Hakuweza kumzika. Mama yake mkubwa Liliuokalani akawa Malkia, na mwezi Machi mwaka huo akamtangaza Kaiulani kuwa mrithi wa kiti. Akiwa na miaka 15 alikuwa mrithi wa nchi ambayo hajaiona kwa karibu miaka miwili. Baadaye akahamishiwa Brighton kuendelea na masomo chini ya mlezi.

Tarehe 17 Januari 1893 Malkia alipinduliwa. Waliompindua walikuwa wafanyabiashara na wanasheria wachache wa Honolulu, na siku moja kabla, askari zaidi ya 160 walikuwa wameshuka kutoka meli ya kivita ya Marekani na kuingia mjini. Malkia aliona damu itamwagika bure, akaachia madaraka chini ya malalamiko, akitegemea kwamba serikali ya Marekani itasikia na kurekebisha. Waliopindua nao wakatuma wajumbe Washington haraka kuomba visiwa viunganishwe na Marekani.

Habari zilimfikia Kaiulani Uingereza kwa simu ya maandishi, maneno machache tu. Fikiria, ndugu yangu. Una miaka 17. Unasomeshwa mbali ili uongoze nchi, na nchi yenyewe imechukuliwa ukiwa darasani. Angeweza kunyamaza kabisa. Alikuwa na baba Mskoti, marafiki Waingereza, lugha na mavazi ya kukaa popote Ulaya. Nani angemlaumu?

Aliamua kuvuka bahari. Tarehe 1 Machi 1893 alishuka New York pamoja na mlezi wake, Theophilus Davies. Waandishi wa habari walikuwa wakimngoja bandarini, na mbele yao akasoma tamko. Alikumbusha kwamba miaka kama 70 nyuma Marekani ya Kikristo ilituma watu wake kupeleka dini Hawaii, na kwamba sasa watoto wa wamisionari wale wamekuja kuomba kazi ya baba zao ibomolewe. Alisema amekuja peke yake kuiombea nchi yake haki. Ona alivyojenga hoja. Hakuikataa Injili kwa sababu ya makosa ya wana wa walioileta. Aliichukua Injili ileile akawauliza nayo.

Wako waandishi waliokuwa wametegemea kumwona mshenzi. Wakakuta binti mrefu, mpole, mwenye Kiingereza safi kuliko chao, wakaanza kumsifu. Mimi naona hapo palikuwa na mtego mgumu kuliko matusi. Walimsifu kwa vile alivyofanana nao, huku magazeti ya siku zile yakimchora mama yake mkubwa kwa dharau ya rangi. Ilikuwa kama kumwambia: wewe nusu yako ni yetu, njoo huku, waache wale. Hata kwenye mipango ya siasa palikuwa na watu waliofikiri kumweka yeye kitini badala ya Malkia. Kaiulani alimwandikia mama yake mkubwa kumhakikishia kwamba hana sehemu katika mpango wa namna hiyo.

Alikwenda Washington, akapokewa Ikulu na Rais Grover Cleveland na mkewe. Kabla hawajaonana, Rais alikuwa ameshauondoa mkataba wa muungano kwenye Seneti ili achunguze kwanza, kwa hiyo siwezi kusema binti huyu ndiye aliyembadilisha mawazo. Uchunguzi ulipokamilika, Cleveland aliliambia Bunge lake kwamba Hawaii imetendewa vibaya. Lakini Bunge halikumrudisha Malkia. Mwaka 1894 waliopindua wakatangaza jamhuri. Mwaka 1895 wafuasi wa Malkia walijaribu kumrejesha kwa silaha wakashindwa, na Malkia akafungiwa katika chumba cha jumba lake mwenyewe.

Tukisoma Kitabu cha Ester tunamwona msichana yatima, wa watu walio ugenini, anayekwenda mbele ya mfalme kuwaombea watu wake, na watu wanaokolewa. Kaiulani alifanya kama Ester. Watu wake hawakuokolewa, angalau si kwa namna aliyoomba. Naandika hivi makusudi, kwa sababu sisi vijana wa Kanisa tumezoea shuhuda zinazoisha vizuri: niliomba, nikapata. Kuna sala nyingi nzuri, za haki kabisa, ambazo jibu lake halikuonekana katika maisha ya aliyeomba.

Akarudi Ulaya. Ikafuata miaka minne ya kuhamahama pamoja na baba yake: Uingereza, Uskoti, kisiwa cha Jersey, Ufaransa. Pesa zilikuwa ndogo, afya ilianza kuyumba, na hakuwa na kazi maalumu wala nafasi. Stevenson alifariki Desemba 1894. Annie alifariki mwaka 1897. Safari ya kusoma ilikuwa imegeuka kuwa uhamisho. Hatimaye, tarehe 9 Novemba 1897, alishuka tena Honolulu. Aliondoka mtoto wa miaka 13, akarudi mwanamke wa miaka 22. Watu walijaa bandarini kumpokea.

Alikuta nchi nyingine. Mwaka mmoja kabla, serikali ya jamhuri ilikuwa imepitisha sheria kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia shuleni. Watoto wa Hawaii wakaanza kukua wakiona lugha ya mama zao ni kitu cha kufichwa. Nilipofika hapa nilifunga kitabu kwa muda, nikamkumbuka bibi. Mimi hakuna sheria iliyonikataza Kihaya. Nilikiacha mwenyewe, pole pole, kwa sababu hakuna aliyenicheka kwa kutokukijua.

Wananchi lakini hawakukaa kimya. Mwaka ule wa 1897 zilikusanywa saini zaidi ya 21,000 za Wahawaii wanaopinga muungano, zikapelekwa Washington. Linganisheni na ile hesabu ya watu 40,000, watoto wakiwemo, mtaona saini zile zilikuwa na uzito gani. Mkataba ukakosa kura za kutosha Seneti. Mwaka uliofuata vikazuka vita vya Marekani na Hispania, visiwa vikaonekana muhimu kwa meli za kivita, na Bunge likapitisha muungano kwa njia ya azimio la kawaida. Tarehe 12 Agosti 1898 bendera ya Hawaii ilishushwa katika jumba la Iolani na ya Marekani ikapandishwa. Liliuokalani na Kaiulani hawakuhudhuria. Walibaki nyumbani pamoja na watu wao, kama watu wa msiba.

Sasa sikilizeni alichofanya mwezi uliofuata. Makamishna walikuwa wametumwa kuandaa sheria za utawala mpya, na moja ya hoja ilikuwa kama Wahawaii wa kawaida wapewe haki ya kupiga kura. Kaiulani aliwaalika Ainahau pamoja na wageni wengine, akawaandalia karamu kubwa ya kienyeji, vyakula vya Kihawaii, maua, desturi zote za kwao. Wengi wanaosimulia maisha yake wanaiona karamu ile kama njia yake ya kuwatetea watu wake: waheshimiwa, hawa ndio watu mnaotaka kuwaamulia. Zaburi ya Mchungaji Mwema inataja meza iliyoandaliwa wakati adui anatazama. Kaiulani aliwakalisha mezani haohao waliokuja kutawala. Nimeitafakari sana picha hiyo mbele ya Ekaristi.

Hakukaa muda mrefu baada ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 1898 alikwenda kisiwa kikubwa cha Hawaii kuwatembelea marafiki. Wakiwa wamepanda farasi mlimani walinyeshewa na mvua kubwa, akapata homa. Ugonjwa ukageuka kuwa wa viungo na moyo. Wakamrudisha Ainahau, na tarehe 6 Machi 1899 akafariki, akiwa na miaka 23. Alizikwa Nuuanu, kwenye makaburi ya ukoo wake. Umri huo ndio umri wangu nilipomaliza falsafa.

Ukimaliza kusoma maisha haya unaweza kuuliza: alishinda nini? Kiti hakukalia. Nchi haikurudi. Hata ndoa hakujaliwa. Mimi nimeona nijibu kwa kurudi darasani kidogo, mnivumilie.

Siku hizi habari za asili yetu tunaziuliza kama swali la hisia, au la hesabu ya damu: mimi ni nusu nani, robo nani, najisikia wa wapi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino haanzii huko. Katika ile kazi yake kubwa ya Jumla ya Teolojia kuna fadhila anayoiita kwa Kilatini pietas. Anafundisha kwamba wa kwanza tunayemwia ni Mungu, aliye chanzo cha yote, na baada yake tunawawia wazazi wetu na nchi yetu, kwa sababu kwa njia yao tulizaliwa na kulelewa. Anaiweka fadhila hiyo chini ya haki. Maana yake ni deni, na deni hulipwa hata siku ambayo hujisikii. Ndiyo maana pia Katekisimu inaweka upendo kwa nchi chini ya Amri ya Nne, ileile ya kuwaheshimu baba na mama.

Kwa jicho hilo maisha ya Kaiulani yananyooka. Damu yake ilikuwa nusu kwa nusu tangu kuzaliwa hadi kufa, hakuna kilichobadilika hapo. Uingereza haikumpunguzia Uhawaii kwa kumfundisha Kijerumani, wala yeye hakuhitaji kumchukia baba yake Mskoti ili awe Mhawaii. Alijua tu anamwia nani, na deni likaitwa, akaenda kulipa, mara ya kwanza New York, mara ya pili kwa kurudi nyumbani, mara ya tatu mezani Ainahau.

Na Padre Damien anatuonyesha upande wa pili. Huyu hakuwa na tone la damu ya Hawaii. Alizaliwa Tremelo, Ubelgiji, akafika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, akapata upadrisho hukohuko miezi miwili baadaye. Akajifunza Kihawaii, akahubiri na kuungamisha kwa Kihawaii, na watu wakalivuta jina lake kwenye matamshi yao wakamwita Kamiano. Mwaka 1936 mwili wake ulipelekwa Ubelgiji, kwa kuwa nako ni kwao. Alipotangazwa Mwenyeheri mwaka 1995, mkono wake wa kulia ukarudishwa kuzikwa Molokai. Nchi mbili zinamdai, na zote mbili zina haki.

Naomba tusielewane vibaya. Siwaambii mrudi kwenye ukabila. Ukabila huuliza watu wa kwetu watanipa nini na tutamzuia nani. Deni ninalolisema linauliza: nimepewa nini, na nitakirudishaje? Mtu anayelilipa vizuri hana muda wa kumdharau mwenye kabila lingine, maana anajua na mwenzake ana bibi yake.

Deni la Hawaii, kwa taarifa yenu, linaendelea kulipwa. Mwaka 1978 Kihawaii kilirudishwa kwenye katiba ya jimbo kama lugha rasmi, na kuanzia mwaka 1984 wazazi wakaanzisha shule za chekechea ambamo watoto husema Kihawaii tu. Mwaka 1993 Marekani iliomba radhi rasmi kwa yale mapinduzi ya miaka 100 nyuma. Lakini sensa ya mwaka 2020 inaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wahawaii asilia nchini Marekani wanaishi nje ya visiwa vyao, wengi wakisukumwa na gharama za maisha. Kuna wajukuu leo huko Nevada na California wanaojifunza lugha ya bibi zao wakiwa wakubwa, mbali na bahari yao. Wahenga wetu walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini asili ikikuacha kwa sababu ya kodi ya nyumba au shule ya bweni, bado unaweza kuifuata.

Mimi nimeanza kwa uchelewevu. Kuna fratera mwenzangu wa Jimbo la Bukoba; kila jioni baada ya chakula tunasali fumbo moja la Rozari kwa Kihaya. Ananicheka sana matamshi yangu. Bibi hatanisikia kwa masikio ya duniani, ila naamini ushirika wa watakatifu, na namtolea yeye fumbo hilo.

Wewe je? Wiki hii fanya jambo moja. Mpigie simu babu, bibi au mzee yeyote wa kwenu, umwombe akufundishe Baba Yetu kwa lugha yake. Mwulize alibatizwa wapi na nani alimfundisha sala. Kama wazee wako wamekwisha kulala, ombea majina yao, na kama majina huyajui, yaulize kabla wanaoyajua hawajaondoka. Na ukiulizwa tena kwenye basi kwenu wapi, usijibu haraka kama mimi.

Tusali.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uliyetupa uhai kwa mikono ya wazazi wetu na kutulea katika nchi zetu, utujalie kujua tunachowawia. Uwakumbuke walio mbali na kwao: wakimbizi, wanafunzi, wahamiaji na waliolazimishwa kuacha lugha zao. Umpe pumziko mtumishi wako Kaiulani na watu wake wote. Kwa maombezi ya Mtakatifu Damien, aliyeacha kwao akapata ndugu, utufanye tuwe watu wa hapa, pale ulipotuweka, bila kusahau tulikotoka. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Damien wa Molokai, utuombee.